Muzee wetu wa zamani za pamba

(Maneno yaliyosemwa na jamaa moja ya parokia siku ya jubilei)



Mumetuomba tuseme kidogo juu ya wazee waliotutangulia. Tunawashukuru. Tutasema juu ya babu yetu, aliyezaliwa upande wa Kabambare na ambaye watoto wake wengine walihamia Kasongo, kwa sababu mambo yaliyomupata yaliwapata watu wengi wa Maniema.

Babu alizaliwa baada ya vita ya Wabelgiji na Waarabu, ile iliyoangusha Kasongo mwaka 1893. Alikuwa kijana wakati askari walipokwenda kupiga Tabora mwaka 1916, na watu wa inchi yetu wakabebeshwa mizigo ya vita. Mwaka 1917 serikali ikaweka sheria ya mashamba ya lazima: mulimaji alipaswa kuyatumikia siku 60 kila mwaka. Maniema ilikuwa kati ya inchi za kwanza za Kongo kulimishwa pamba kwa namna hii. Agronomu alipima shamba, kapita akasimamia kazi, kampuni ikaleta mbegu. Tangu mwaka 1921 kila kampuni ilipewa eneo lake la kununua; basi mulimaji hakuweza kupeleka kitunga chake kwa mununuzi mwingine. Na kodi ilitakiwa kwa franka, si kwa muhogo wala kwa kuku.

Kisha ukafika wakati wa krizi. Mwaka 1929 biashara ya dunia ilianguka, kuanzia Marekani, na bei ya pamba ikaanguka pamoja nayo. Mulimaji wa Kabambare hakujua habari za masoko ya ngambo. Aliona tu kwamba kitunga kile kile, chenye uzito ule ule, kilimuletea feza chache kuliko mwaka uliopita. Lakini kodi haikumungoja. Asiyelipa aliweza kufungwa.

Katika jamaa yetu inasimuliwa hivi. Mwaka mumoja wa taabu ile, mudogo wake babu aliugua wakati wa palizi, na shamba lake likafunikwa na majani. Babu alikuwa na feza za kodi yake mwenyewe tu. Akamulipia mudogo wake, ili asifungwe akiwa mugonjwa. Halafu yeye akaenda mbali, upande wa kaskazini, kule Kalima, ambako kazi ya kuchimba bati ilikuwa imeanza, apate mushahara wa kulipa kodi yake.

Lakini tusimusifu yeye peke yake. Shamba liliandikwa kwa jina la babu. Aliyelilima siku zile ni bibi yake, mama aliyemuzaa baba yetu. Alipanda, akapalilia, akachuma, akabeba pamba kichwani hadi sokoni. Tena pembeni ya shamba la pamba alipanda muhogo na karanga, kwa maana pamba hailiwi, na watoto walikuwa na njaa. Serikali ilihesabu wanaume wazima wenye nguvu. Mama huyu hakuhesabiwa kati ya watu wa kazi. Jina lake limeandikwa katika kitabu kimoja tu tunachokijua, ni kitabu cha ubatizo.

Babu aliporudi, mudogo wake alimuletea mbuzi wa kulipa deni. Babu akamurudishia mbuzi yule, akasema kwamba katika nyumba moja hakuna mudai wala mudaiwa. Tangu siku ile ndugu wawili walilima pamoja bila kuweka mupaka. Walifanya vile hata mwaka 1942, wakati wa vita ya pili ya dunia, siku za lazima zilipoongezwa kutoka 60 hadi 120. Babu alifariki kabla Kasongo haijafanywa dayosezi mwaka 1959.

Ndugu wapendwa, mupaka ule ambao wazee hawakuuweka ndio ulioleta ubishi kati ya wajukuu. Wengine walisema kwamba shamba ni la uzao wa muzee aliyeandikwa. Tumekaa pamoja, tumeukumbuka ule mwaka wa krizi, na tumepatana. Basi tunatangaza mbele yenu: wajukuu wa mudogo wake babu wana haki sawa na sisi juu ya shamba lile, na watoto wa mabinti vile vile, kwa maana mwanamuke ndiye aliyeliokoa. Hakuna kipande kitakachouzwa bila neno lao. Tumeiandika karatasi, na pande zote mbili zimetia sahihi.

Tunaomba kila jamaa ya parokia hii iandike majina ya wazee wake, na zaidi majina ya wamama, kabla wanaoyajua hawajatuacha. Ninyi Mapadri, mutusaidie kuyatafuta katika vitabu vya misioni.

Bwana awape wazee wetu pumziko la milele.