Rezume au CV: Vijana Wetu Wapeleke Gani?

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia)

Leo mlituomba tuzungumze juu ya karatasi mbili zinazowasumbua wanaotafuta kazi: rezume na CV.

Tuanze na jambo lililotuuma. Mwaka jana mama mmoja alikopa shilingi 600 katika mfuko wa kikundi ili binti yake aandikiwe CV huko saiba. Binti alirudi na kurasa saba. Kumbe tangazo la ile kazi ya ukarani lilitaka ukurasa mmoja tu! Hakuitwa. Tulipoketi naye kuzisoma, tulikuta shule ya chekechea, dini, kabila, hata michezo anayopenda. Lakini ile miaka mitatu aliyotunza vitabu vya hesabu vya kikundi haikuwa na hata mstari mmoja. Alituambia, "Nilidhani hiyo si kazi kwa sababu sikulipwa."

Basi, tofauti ni nini? CV ni kifupi cha maneno ya Kilatini yenye maana ya mwendo wa maisha. Rezume ni neno la Kifaransa, maana yake muhtasari. Kule Marekani huzitenga: rezume ni ukurasa mmoja au miwili kwa kazi za kawaida, na CV ni ndefu, ya wahadhiri na watafiti. Hapa Kenya tulifuata desturi ya Uingereza, na neno CV hutumika kwa kazi karibu zote. Kwa hivyo, tangazo la hapa likisema CV, halitaki kitabu. Kwa kijana anayeanza, kurasa mbili zatosha.

Tufanyeje?

1. Tusome tangazo mara mbili. Likitaja idadi ya kurasa au fomu ya kujaza, tufuate hivyo hivyo.

2. Kwa kazi ya duka, hoteli, ukarani au udereva, tupeleke muhtasari wa yale yanayohusu kazi hiyo.

3. Kwa kazi ya kufundisha chuoni au utafiti, tupeleke CV kamili, pamoja na kozi na maandishi yote.

4. Tuanze na kazi ya karibuni, kisha turudi nyuma.

5. Kazi ya kikundi ni kazi. Tuiandike: "Mweka hazina, kikundi cha wanachama 25, miaka mitatu."

Dini, kabila na hali ya ndoa si lazima kuziandika. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, yamkataza mwajiri kumbagua mtu kwa dini au kabila lake.

Tena tusirefushe karatasi kwa uongo. Mwaka 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba vyeti vya bandia zaidi ya 2,000 vilikuwa vimepatikana kwa watumishi wa umma. Cheti cha bandia hakimfukuzishi mtu kazi tu, chaweza kumpeleka mahakamani. Njia ya mwongo ni fupi.

Yule binti aliandika upya, ukurasa mmoja, kwa mkono kwanza, halafu akachapisha. Alipoomba kazi nyingine aliitwa kwa mahojiano. Kazi bado hajapata, lakini safari hii alisikilizwa, na maswali mengi yalihusu vile vitabu vya hesabu.

Ombi letu ni moja. Kila kikundi kitenge alasiri moja kwa vijana wake. Wanaojua kuandika wawasaidie wenzao, na mwenyekiti awe tayari kutia sahihi barua ya kuthibitisha kazi waliyofanya. Haba na haba hujaza kibaba, na mfuko wetu utabaki kwa mbegu na karo.

Sasa tulete maswali.