Kutoka Kazini Mchana



Halmashauri imetutaka sisi makarani wa chama tuseme maneno machache juu ya jambo lililotufikia mara nyingi mwaka huu: namna ya kuiacha kazi mbaya ya mkataba kabla ya muda wake kwisha, kwa heshima na bila hasara. Hatutaanza na mafundisho, bali na kosa letu wenyewe.

Mwaka jana alifika mbele yetu binti mmoja, mtumishi wa grinihausi katika shamba moja la maua kando ya ziwa. Mkataba wake ulikuwa wa miezi sita, naye alikuwa ametumika minne. Msimamizi wake alimtukana kila siku mbele ya wenzake, hata akawa hapati usingizi. Alikuja kutaka shauri. Nasi, kwa huruma iliyozidi busara, tulimwambia, "Binti yetu, usirudi huko kesho." Neno hilo lilitamkwa na mmoja wetu, lakini sote tuliliitikia.

Hakurudi. Shambani akahesabiwa mtoro, akaachishwa kazi kwa kosa la kutofika. Ilipopita wiki moja tulimshauri aende akadai haki zake, lakini hakuthubutu kufika hata langoni. Alipotafuta kazi kwingine aliulizwa hati ya miezi ile minne, naye hana. Alikaa bila kazi muda mrefu, na nyumba ya kupanga haingoji. Hapo tulijifunza kwamba mwenye kutoka usiku huona haya kurudi mchana kudai kilicho chake.

Tumejiuliza shauri lile tulilitoa wapi. Twaamini tulilirithi. Wazee wetu, mlisimuliwa na baba zenu habari za kipande. Sheria yake iliandikwa mwaka 1915, ikaanza kutumika baada ya vita kuu ya kwanza. Kila mwanamume Mwafrika aliyefika umri wa miaka 16 alipaswa kukichukua, nacho kikaja kuning'inizwa shingoni ndani ya kijaluba cha chuma. Humo bwana aliandika siku ya kuajiri, mshahara na siku ya kumwacha mtu. Asipotia sahihi, mtu yule hakuweza kuajiriwa kwingine kwa halali, na kuondoka kabla ya muda kulikuwa kosa la kupelekwa kortini. Harry Thuku alikipinga kipande waziwazi, akakamatwa mwaka 1922. Katika siku zile mtu aliyeteswa shambani hakuwa na njia ila giza la usiku, na aliyefaulu kutoroka alisifiwa kuwa shujaa.

Lakini sheria ile imekwisha, na desturi yake imebaki vinywani mwetu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 haimwiti mfanyakazi anayeondoka mhalifu. Yamtaka jambo moja tu: aseme mapema. Anayelipwa kwa siku aweza kuaga jioni ya siku yoyote. Anayelipwa kwa mwezi hutoa notisi ya maandishi ya siku 28, isipokuwa mkataba umetaja muda mrefu zaidi. Asiyeweza kungoja aweza kulipa mshahara wa siku hizo badala ya kuzitumika. Notisi si ombi. Bwana hapewi barua ili akubali au akatae. Hupewa ili ajue.

Basi, yafaa mambo yafuatane hivi. Kwanza, mkataba usomwe wote, na asiyejua kuusoma aulete kwetu. Pili, barua iandikwe kwa maneno machache: tarehe, kazi, siku ya mwisho, na shukrani kwa kazi aliyopewa. Matusi ya msimamizi yasiandikwe humo. Malalamiko yana barua yake peke yake. Tatu, nakala itiwe sahihi na mpokeaji. Akikataa, barua itolewe mbele ya mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, au ipelekwe kwa rejista ya posta. Nne, siku zilizobaki zitumikwe kwa bidii, hasa zikiangukia pilika za kabla ya tarehe 14 Februari, wakati waridi zinapotakiwa Ulaya. Wahenga walisema, usitukane wakunga na uzazi ungalipo; na mashamba haya yanajuana.

Siku ya mwisho mtumishi arudishe vifaa, kisha adai vitu vitatu: mshahara wa siku alizotumika, malipo ya likizo, na hati ya utumishi. Likizo huhesabiwa siku moja na robo tatu kwa kila mwezi, mtu akiisha timiza miezi miwili. Binti yetu wa miezi minne alikuwa na siku 7 ambazo hakuzidai. Na hati ni haki ya kila aliyetumika wiki nne au zaidi. Huonyesha kazi na tarehe zake, wala mwajiri halazimishwi kuandika humo habari za tabia.

Hatusemi kwamba kila ubaya uvumiliwe siku 28. Anayepigwa, anayetakwa kwa nguvu, au anayenyunyiziwa dawa bila kinga, asingoje notisi. Aende siku ile ile kwa Afisa wa Kazi au kwa chama chake, naye akisukumwa nje kwa ubaya wa mwajiri, Mahakama ya Ajira na Kazi iliyoko Nakuru yaweza kumhesabu kuwa amefukuzwa. Lakini hata yeye atoke mchana, na shahidi, na karatasi.

Wazee wetu, neno letu la mwisho ni kwenu, kwa sababu vijana huja kwenu kabla ya kuja kwetu. Msianze kwa kumwambia mtu "kaa" au "kimbia". Mwulizeni, "Umeandika?" Akisema hajaandika, mleteni. Karatasi na kalamu tutatoa sisi, bila malipo. Binti yule tulimwomba radhi. Alitusamehe, akatutaka tuyaseme haya mbele yenu, ili mwingine asipotezwe kama alivyopotezwa yeye.