Nani Apewe Njia: Teksi Isiyo na Dereva au Basi la Umma?



Majuzi mwanafunzi wangu mmoja alinionyesha video kwenye simu yake. Gari jeupe linakata kona San Francisco, usukani unajizungusha wenyewe, kiti cha dereva kitupu. Akaniuliza, "Mwalimu, hii ikifika Dar, si foleni itakwisha?" Nilicheka, nikamwambia asubiri kwanza likutane na mikokoteni ya Manzese. Lakini hilo lilikuwa jibu la kijiweni. Swali lake lilistahili jibu la maana, ndiyo sababu ya mada hii.

Tuanze na haki ya gari lenyewe. Agosti 2023 tume inayosimamia huduma za umma California iliziruhusu kampuni mbili, Waymo na Cruise, kubeba abiria wa kulipa mjini San Francisco saa 24. Haikutimia miezi miwili, gari la Cruise likamburuta mwanamke aliyekuwa amegongwa kwanza na gari jingine lenye dereva wake. Kibali kikasitishwa, na mwishoni mwa 2024 General Motors, wenye Cruise, wakaachana na biashara hiyo ya teksi. Waymo wakabaki. Tangu Juni 2024 mtu yeyote mjini humo anaweza kuliita gari lao kwa simu. Halilewi, halisinzii, halichati likiwa barabarani, na takwimu za kampuni yenyewe zinaonyesha kwamba ajali za kujeruhi ni chache kuliko za madereva binadamu. Asiyeona hupanda bila kuomba msaada. Mwanamke anayetoka kazini usiku wa manane hakai garini na mwanamume asiyemjua. Haya si mambo madogo, na anayeyabeza hajawahi kumsubiri binti yake arudi usiku.

Ila kijana wangu hakuuliza habari za usalama. Aliuliza habari za foleni.

Kwenye foleni San Francisco ina historia ya kutufunza, na inaanza kabla ya magari haya. Teksi za kuitwa kwa simu zilipoingia pale, ahadi ilikuwa ileile: watu wataacha magari yao nyumbani, barabara zitapumua. Mwaka 2018 mamlaka ya usafiri ya mji huo ikatoa hesabu yake: karibu nusu ya ongezeko la msongamano kati ya 2010 na 2016 lilitokana na teksi hizo. Teksi haiegeshwi ikatulia. Ikishusha abiria huzunguka kumtafuta mwingine, na inapozunguka tupu hula barabara sawasawa na ikiwa na mtu. Tena hiyo ilikuwa teksi yenye dereva, mtu anayechoka, anayekwenda kula na kulala. Mwondoe dereva, umeondoa pia saa ya gari kupumzika.

Kuna jaribio moja dogo ninalolipenda kuliko ripoti zote nene. Watafiti wa California walitaka kujua watu watafanya nini wakiwa na gari linalojiendesha, wakati gari lenyewe halijapatikana. Wakabuni njia ya mkato: wakazichukua kaya 13 za eneo la San Francisco, wakazipa dereva wa kulipwa kwa wiki moja, bure. Dereva yule alisimama mahali pa kompyuta. Matokeo yakachapishwa 2018: kilomita za magari yao ziliongezeka kwa asilimia 83. Safari zilizokuwa zikiahirishwa zikafanyika, za usiku zikazidi, na dereva akawa anatumwa peke yake, gari halina mwenyewe ndani. Kaya 13 ni chache, nakubali. Lakini hebu kila mmoja wetu ajiulize, akipewa dereva wa bure wiki nzima, nani atakwenda dukani kwa miguu?

Sasa turudi nyumbani. Mabasi ya mwendokasi yalianza Dar es Salaam Mei 2016, kutoka Kimara hadi Kivukoni, na matawi ya Gerezani na Morocco. Basi refu, lile lenye kiungo katikati, lina mita 18 na hubeba watu wapatao 150. Wachukue watu hao uwapakie kwenye teksi, wawili wawili. Hapo nimekuwa mkarimu, maana teksi nyingi hubeba mmoja. Unahitaji magari 75. Kila gari, pamoja na nafasi ya kufunga breki mbele yake, hata likitambaa halitaki chini ya mita 10. Jumla ni mita 750 za lami kwa watu walewale waliokuwa ndani ya basi moja. Kompyuta iwe na akili namna gani, haiwezi kuifupisha bodi ya gari. Na mji wenye watu milioni 5.38 kwa sensa ya 2022 hauna mita za kugawa hivyo.

Najua mtakachonijibu: mwalimu, basi gani hilo? Nami nimewahi kupanda basi la umma kwa kusukumwa mgongoni, nikashushwa na umati kituo kimoja kabla ya changu, kiatu kimoja mkononi. Basi lililojaa hivyo linahitaji basi jingine nyuma yake, dakika tatu baadaye. Kumpa kila aliyebanwa gari lake hakuondoi mbanano, kunautoa tu ndani ya basi na kuumwaga barabarani.

Isitoshe, kiuchumi teksi hii imezaliwa na tatizo lisilo letu. Marekani mshahara wa dereva ni sehemu kubwa ya gharama ya teksi, kwa hiyo ukimwondoa umeokoa fedha. Kwetu dereva wa daladala anapeleka hesabu kwa tajiri, kinachobaki anagawana na konda. Kinachotafuna fedha ni mafuta, matairi na vipuri. Tukinunua gari lililojaa kamera na vipima-umbali vya mwanga ili tumpunguze mtu wa gharama ndogo katika hesabu nzima, tutakuwa tumefanya biashara gani?

Msinielewe kwamba naiogopa mashine. Wafanyabiashara wa Kariakoo wanaofuata mzigo Deira, Dubai, wameshapanda chombo kisicho na dereva, wengine bila hata kutambua. Treni za metro ya Dubai zinajiendesha tangu zilipozinduliwa Septemba 2009. Vancouver walitangulia, tangu miaka ya 1980. Hapo uwezo wa kujiendesha umewekwa kwenye chombo kinachobeba mamia, chenye njia yake, na hakuna aliyelalamika kwamba umeleta foleni.

Hata teksi ndogo ina mahali pake, na mahali penyewe ni pale basi linapoishia. Mwaka 2015 Jukwaa la Kimataifa la Usafiri liliuiga mji wa Lisbon kwenye kompyuta na kuyaondoa magari binafsi yote. Magari yanayojiendesha yalipochangiwa na abiria, na metro ikaendelea kufanya kazi, kilomita za magari ziliongezeka kwa asilimia 6 tu. Metro ilipofutwa, na kila abiria akapanda peke yake, ziliongezeka kwa 89. Gari ni lilelile. Kwa Dar, mahali hapo basi linapoishia ni Kimara Mwisho saa nne usiku, pale mtu anaposhuka salama kisha akaanza kupiga hesabu ya bodaboda hadi ndani kabisa, kwenye njia ya udongo isiyo na taa.

Katika majadiliano naomba tuanze na abiria kabla ya gari. Mimi ninaye mmoja. Ni saa kumi na mbili asubuhi, soko la Feri. Mama wa samaki ameshanunua vibua, ndoo mbili, anawahi kukaanga Manzese kabla ya watu wa chai. Teksi ya kompyuta kamera yake ingeiona ndoo, na jioni angekuta ametozwa fedha ya kusafisha kiti. Konda wa daladala humwambia, "Mama, ndoo nyuma, funika vizuri," kisha wanabishana nauli ya ndoo mpaka kituo cha Fire, na mwisho anapunguziwa. Asubuhi hii hapa mkutanoni tumegawiwa michoro ya ndani ya mabasi mapya, nami nimeipitia ukurasa kwa ukurasa. Sijaona mahali pa kuweka ndoo.