Shemizi Inauzishwa, Lakini Feza ya Uzi Iko Wapi?

*Haya ni maneno yenye mwanamemba wetu mumoja, mama mushonaji hapa Isangi, alizungumuza kwenye mukutano mukubwa wa chama. Tunayachapisha ili wanamemba wenye hawakuweza kufika, pamoja na wenye kutusaidia kutoka mbali, wayasome mbele ya kura juu ya feza ya mwaka unaokuja.*

 

Muliniomba niseme juu ya kazi ya kushona shemizi, ile wengine wanaita shati. Nitaanza na jambo yenye inaweza kushangaza wengine: washonaji wa hiki chama hawakosi mashini. Tulipewa mashini 6 za kukanyaga na miguu. Juma hii nilizunguka kuziangalia zote. Tatu zinashona kila siku. Moja mukanda wake ulikatika. Mbili ni nzima kabisa, lakini zimefunikwa, juu mwenyewe hana uzi wala kitambaa ya kukata. Mutumbwi bila kasia haufiki Kisangani, hata kama ni mupya.

Basi swali yangu ya leo ni hii: juu ya nini mushonaji mwenye anajua kazi, mwenye ana mashini, mwenye ana wateja, anakosa feza ya uzi?

Wateja, tuko nao. Tunakaa fasi yenye Lomami inaingia ndani ya mto Congo. Balenieri zinapita hapa zikipanda na kushuka, na siku ya soko watu wanatoka vijiji vya mbali. Watoto wa shule ya inchi yote wanavaa nyeupe na bulu: shemizi nyeupe, pantalo ao jupe ya bulu. Tangu 2019, wakati Leta ilitangaza masomo ya bure kwa shule za msingi za serikali, wazazi wengi walipeleka watoto wenye walikuwa wanabakia nyumbani. Masomo ni ya bure, lakini shemizi haiko ya bure. Halafu kuna kwaya, kuna ndoa, kuna matanga, kuna tarehe 8 Machi ya wamama, kuna 30 Juni, kuna Noeli na Bonane. Mutu hawezi kusema Isangi hakuna kazi ya kushona.

Mutaniambia: na mitumba je? Na zile shemizi za kutoka China zenye ziko tayari? Ni kweli, ziko, na bei yake iko chini kuliko yetu. Tusijaribu kushindana nazo kwa bei, tutakufa. Lakini shemizi ya mitumba ilikatwa juu ya mutu mwingine. Papa mwenye ana tumbo kubwa na mabega madogo hataipata pale sokoni. Kwaya ya watu 20 haiwezi kupata mitumba 20 ya rangi moja. Na kifungo ikianguka, yule wa China hatakuja kuirudisha. Sisi tunauzisha kipimo, tunauzisha kufanana, tunauzisha kutengeneza tena. Hizo vitu tatu, balenieri haizileti.

Tena tusiweke tumaini letu kwa aina moja ya nguo. Wazee hapa wanakumbuka abacost. Wakati wa Zaïre, miaka ya 1970 na 1980, mwanaume wa ofisi hakuvaa kostime na kravati. Alivaa abacost, na abacost haihitaji shemizi ya kola ndani yake. Washonaji waliishi na ile kazi. Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja, na kravati ikarudi. Mwenye alijua kushona abacost tu, ilimupasa ajifunze kola upya. Kwa hiyo mimi nawafundisha vijana kola ya kusimama na shingo yake kwanza. Mwenye anajua kola anaweza kushona shemizi ya shule, ya kanisa na ya ofisi.

Sasa tuje kwa hesabu, juu ugonjwa wetu uko pale. Nitatoa mufano na namba rahisi. Bei zinabadilika na dola, lakini njia ya kuhesabu haibadiliki.

Tuseme umenunua kitenge ya yadi 6 kwa 30 000 franka. Ukikata muzuri, unatoa shemizi 3 za mwanaume, mikono mifupi. Basi kila shemizi imekula kitambaa ya 10 000. Watu mingi wanasimama hapo. Wanasema: nimenunua kwa 10 000, nitauzisha kwa 15 000, nimepata 5 000. Hapana! Ongeza vifungo 7, 1 000. Uzi, 700. Kitambaa ngumu ya ndani ya kola, 1 000. Makala ya pasi, 300. Sindano na mafuta ya mashini, 200. Kusafirisha kitambaa kutoka Kisangani, 800. Jumla ni 14 000. Ukiuzisha 15 000, umepata 1 000 kwa siku nzima ya kazi.

Angalia sasa namna mashini inaanza kulala. Umeuzisha shemizi zote 3, uko na 45 000 mukononi. Kichwa inakuambia umepata 5 000 kwa kila moja, basi unakula 15 000: muhogo, samaki, dawa ya mutoto. Si wizi, ni jasho yako. Inabakia 30 000. Unanunua kitenge ingine. Lakini ili kushona shemizi 3 ingine unahitaji 42 000. Hiyo 12 000 ya vifungo, uzi, makala na safari itatoka wapi? Unakopa. Mara ya pili unakopa tena. Mara ya tatu unafunika mashini, unasema "kazi haiendi". Kazi ilikuwa inaenda. Ulikula uzi, nawe haukuona.

Ile shemizi iuzishwe 18 000. Kwa kila moja, 14 000 inaingia ndani ya mufuko wake, haiguswe. 500 inakaa juu ya mashini, ya mukanda na fundi. 3 500 ni ya mikono yako, ile ndiyo ya kula. Muteja akisema bei iko juu, umuonyeshe kazi. Matundu ya vifungo tunashona na mukono, dakika 15 kila moja, na shemizi moja iko na 7: karibu saa mbili za matundu tu. Umuonyeshe namna kitambaa ililowekwa ndani ya maji na kukauka mbele ya kukatwa, ili shemizi isipunguke siku ya kufuliwa mara ya kwanza. Umuonyeshe kwamba ulimupima shingo, mabega, kifua, tumbo, urefu na mukono, na kwamba vipimo vyake vimebakia ndani ya kaye. Mwaka kesho hatahitaji kupimwa shingo tena, labda tumbo!

Nafika kwa jambo yenye inauma zaidi, ni deni. Kwa mushonaji yeyote deni ni mubaya, lakini kwa sisi wenye tulirudi, iko na uzito mwingine. Kati yetu kuna wenye walikimbia Kisangani wakati wa vita ya siku 6, Juni 2000. Kuna wenye walitoka Lubunga mwaka 2023. Wengine walirudi kutoka mbali zaidi. Tulifika na watoto na mifuko. Nani alitupokea? Ndugu, shemeki, mama mudogo, jirani mwenye alitupa chumba na sahani ya kwanza. Sasa shemeki anakuja: "Dada, nishonee shemizi ya ndoa, nitakulipa mwisho wa mwezi." Utamuambia nini? Alikupa nyumba. Unashona. Mwezi unaisha, halipi, na hauwezi kumuuliza.

Mimi sisemi tusahau fadhili. Mutu mwenye anasahau mwenye alimupokea, hata kazi yake haina baraka. Nasema tutenganishe vitu mbili. Kitambaa na vifungo si vyako, ni vya kazi. Mikono ni yako. Basi muambie shemeki kwa heshima: "Yaya, lete 14 000 ya vitu, mikono yangu nakupa zawadi." Hapo umemushukuru kwa kweli, umempa siku nzima ya maisha yako, na mashini haikufa. Shemeki mwenye anakupenda ataelewa. Na wateja wengine wote: avansi ya kitambaa kwanza, iandikwe ndani ya kaye na resi itolewe, inayobakia alipe siku ya kuchukua nguo. Shemizi yenye haijalipwa ibakie kwenye musumari.

Lakini wandugu, hii sheria mutu mumoja peke yake hawezi kuilinda. Mutoto akishikwa na homa usiku, ile 14 000 ya mufuko itaenda kwa dawa. Mama gani ataiacha? Kidole kimoja hakivunji chawa. Ndiyo maana nimesimama hapa mbele ya kura.

Pendekezo ya washonaji ni hii. Mwaka unaokuja, chama kisinunue mashini mupya. Kwanza tutengeneze ile yenye mukanda ulikatika. Feza yenye inabakia ifungue ghala mudogo wa vitu vya kushona hapa Isangi: kitenge, kitambaa nyeupe ya shule, uzi wa bobini kubwa, vifungo, sindano. Mutu mumoja atapanda Kisangani mara moja kwa mwezi, anunue juu ya washonaji wote 6. Leo kila mumoja anatuma peke yake, zaidi ya kilometre 100 juu ya mto, kwa kitenge moja na vifungo 7. Tukinunua vifungo kwa grosi, ni vifungo 144, inatosha shemizi 20 na 4 vinabakia. Bei inashuka, na safari inalipwa mara moja.

Mushonaji hatapewa feza. Atapewa kitambaa ya shemizi 3 na vitu vyake vyote. Akiuzisha, anarudisha 42 000 kwenye ghala, anachukua vitu vya shemizi 3 ingine. Inayobakia ni yake, na hakuna mutu atamuuliza aliila namna gani. Mwenye hakurudisha, hapewi ingine mpaka arudishe. Hapo mufuko wa uzi hautakaa tena chini ya kitanda pamoja na homa ya mutoto. Na kwa homa, tuko na likelemba yetu. Iendelee kufanya kazi yake, tusichanganye hizo sanduku mbili.

Najua mwenye ameanza kusema kwa sauti ya chini: "Ghala itakuliwa." Ni swali ya haki, tumeona ghala nyingi zikikuliwa. Basi ufunguo usishikwe na mushonaji. Wamama wawili wenye hawashoni washike, kila mumoja na kufuli yake. Kila mwisho wa mwezi vitambaa vipimwe na vifungo vihesabiwe mbele ya wanamemba wote, na hesabu itoke kwenye hii gazeti yetu. Yadi haijui kudanganya. Iko ao haiko.

Na kwa ninyi wenye kutusaidia, tunawashukuru kwa zile mashini 6. Bila zile, nisingekuwa na jambo ya kusema hapa leo. Najua mashini mupya inatoka muzuri kwenye picha, na bobini ya uzi haionekani vile. Lakini mukitaka kujua kama musaada wenu unaishi, musituulize tuko na mashini ngapi. Mutuulize mwezi huu ghala ilitoa vitu vya shemizi ngapi, na vya ngapi vilirudishwa. Tutawajibu na namba, hata kama mwezi ulikuwa mubaya.

Watoto wataingia shule mwezi wa 9. Kama kura inapita leo, kitambaa nyeupe inaweza kufika hapa mbele ya wazazi kuanza kutafuta shemizi, na mashini zote 6 zitakuwa na kazi. Kama haipiti, wazazi watanunua mitumba yenye imepauka, na sisi tutawaangalia wakipita mbele ya mashini zenye zimefunikwa. Mwenye kukubali ghala, ainue mukono. Mwenye kukataa, aseme sababu yake hapa, mbele yetu wote, tuizungumuze mbele ya kuhesabu mikono.