HAKI NA AMANI BARABARANI: MGENI WA MJINI NA LESENI YAKE

(Mada kwa viongozi wa walei na wanaparokia)



Ndugu viongozi wa Halmashauri za Walei, makatekista, wenyeviti wa jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, akina mama wa WAWATA, vijana wa VIWAWA, nanyi wazee wetu. Mada yetu ni usafiri wa mjini, na hasa kijana anayehama kijijini kwenda kutafuta riziki kwa kuendesha pikipiki. Pengine mmoja wetu atauliza: Tume ya Haki na Amani ina shughuli gani na leseni? Hiyo si kazi ya trafiki? Swali hilo ni la haki, na tuanze nalo.

I. KWA NINI KANISA LISEME

Mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo, namba 30, uliwataja wazi watu wanaodharau sheria za mwendo wa magari, na kusema ya kwamba kwa uzembe huo wanahatarisha uhai wao na wa wenzao. Katekisimu ya mwaka 1992, namba 2290, yafundisha kuwa anayehatarisha usalama barabarani kwa ulevi au kwa kupenda mwendo wa kasi ana hatia nzito. Na mwaka 2007 Baraza la Kipapa linaloshughulikia wahamiaji na wasafiri lilitoa mwongozo mzima juu ya uchungaji wa barabarani, pamoja na amri kumi za dereva. Ya kwanza kati ya hizo ni ileile amri ya tano tuliyoifundishwa tangu utoto, ile inayolinda uhai.

Basi kuendesha chombo ni jambo la dhamiri. Sisi wa Tanga tunalijua hili kwa machozi. Usiku wa tarehe 3 Februari 2023, wilayani Korogwe, basi dogo lililowachukua waombolezaji na maiti kutoka Dar es Salaam kwenda Kilimanjaro liligongana na lori, na watu wasiopungua 17 walikufa. Waliokuwa wakienda kuzika wakazikwa wao.

II. KUTOKA HANDENI KWENDA KOROGWE

Mtazameni kijana wa mfano. Amezaliwa kijiji cha ndani wilayani Handeni. Amejifunza pikipiki kwenye vichochoro vya mashamba ya mahindi, akisafirisha magunia hadi gulioni. Hakuna aliyewahi kumwuliza leseni. Mvua zikikatika na mavuno yakiwa haba, anafunga mzigo wake na kuteremka Korogwe mjini. Anapokewa na binamu yake, na baada ya wiki moja amepata bosi wa kumpa pikipiki.

Kule kijijini alikutana na ng'ombe na baiskeli. Hapa anaingia katika barabara kuu itokayo Chalinze, ipitayo Mkata na kugawanyika pale Segera, tawi moja likienda Muheza na Tanga, tawi jingine likija Korogwe, Mombo na kuendelea hadi Moshi na Arusha. Humo hupita mabasi ya mikoani na malori yenye mizigo mizito. Ujuzi uliomtosha kijijini haumtoshi hapa. Hajui alama za barabarani, hajui nani mwenye haki ya kupita kwanza kwenye njia panda, hajui ya kwamba mahali penye makazi mwendo haupaswi kuzidi kilometa 50 kwa saa.

Wazee wa Korogwe wanawakumbuka manamba, wale watu waliotoka mbali kuja kukata mkonge kwa mkataba. Mgeni asiyejua haki zake, asiye na karatasi wala ndugu wa kumtetea, alikuwa rahisi kunyonywa. Mkonge si ule tena, lakini mgeni yuko palepale. Leo mkataba wake ni wa pikipiki: kila siku apeleke hesabu kwa mwenye chombo, apate wateja asipate, na akimaliza muda waliopatana pikipiki iwe yake. Mara nyingi mapatano ni ya mdomo tu. Mwezi wa mwisho ukikaribia, ugomvi mdogo watosha kumnyang'anya chombo na jasho lake lote.

III. SHERIA YATAKA NINI

Asiyejua hana budi kuuliza, na kuuliza si ujinga. Kwa hiyo tuyaseme mambo haya kwa utaratibu.

Kwanza, mgeni ajitambulishe kwa mwenyekiti au mtendaji wa mtaa anakohamia, akiwa na barua ya utambulisho kutoka kijijini kwake na kitambulisho cha Taifa. Ajiandikishe pia kwenye kituo cha waendesha pikipiki. Kijana anayejulikana hasingiziwi upesi.

Pili, Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 yakataza mtu kuendesha chombo cha moto barabarani bila leseni. Njia ya kuipata ni hii: kujifunza katika chuo cha udereva kinachotambuliwa, kupata namba ya mlipa kodi kutoka TRA, ambayo hutolewa bure, kupata leseni ya muda ya kujifunzia, kufanya mtihani mbele ya askari wa usalama barabarani, kisha kulipa ada na kupewa leseni na TRA. Mwaka 2019 muda wa leseni uliongezwa kutoka miaka mitatu kuwa mitano, na ada yake ikawekwa shilingi 70,000.

Tatu, leseni zina madaraja. Daraja A ni la pikipiki. Mwenye leseni ya daraja D, aliyezoea gari, haruhusiwi kwa leseni hiyo kupanda pikipiki na kuchukua abiria.

Nne, chombo chenyewe kiwe na kadi ya usajili yenye jina la mwenyewe wa kweli, na bima. Bima ya kuwalinda watu wengine ni ya lazima kisheria. Anayenunua pikipiki mkononi mwa mtu na asibadilishe jina TRA amenunua matatizo. Pikipiki ya biashara huhitaji pia leseni ya usafirishaji, jambo lililo chini ya LATRA, mamlaka iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019.

Tano, dereva na abiria wote wavae kofia ngumu, na abiria awe mmoja. Ule mtindo tunaouita mishikaki ni kuvunja sheria, hata kama mishikaki yenyewe inakwenda Misa ya kwanza.

IV. ASIYE NA LESENI NI MAWINDO

Kijana wetu asiye na leseni akimwona askari mbele, moyo wamruka. Atafanya moja kati ya mawili: atakimbia kwa kasi, na hapo ndipo watoto wa shule wanapogongwa, au atatoa kitu kidogo. Tupige hesabu. Akitoa shilingi 2,000 mara tatu kwa wiki, kwa mwaka ametoa shilingi 312,000. Fedha hizo zingelipa ada ya leseni zaidi ya mara nne, naye bado hana leseni.

Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 humhesabu mtoaji na mpokeaji wote kuwa wakosaji. Lakini ubaya wa jambo hili ni mkubwa kuliko faini. Mtu asiye na leseni hawezi kusema. Akiombwa rushwa, ataishitaki kwa nani, na yeye mwenyewe ana kosa? Aliye halali ana kinywa. Akikosea kweli, huandikiwa kosa lake, hupewa namba ya malipo, hulipa benki au kwa simu, wala si mkononi mwa askari. Mwaka 2021 faini ya pikipiki na bajaji ilipunguzwa kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 kwa kosa. Akidaiwa rushwa, aweza kupiga simu TAKUKURU, namba 113, bila kuogopa. Tusiwahukumu askari wote, maana wapo wengi waaminifu, tena wamo humu makanisani mwetu.

V. NENO KWA WENYE PIKIPIKI

Hapa nasema na baadhi yetu tuliomo humu ndani. Sheria haimkamati mwendeshaji peke yake. Kumruhusu asiye na leseni aendeshe chombo chako ni kosa lako pia. Na mikataba mingi ya bima huweka sharti kwamba dereva awe na leseni halali. Sharti hilo likivunjwa na mtu akavunjika mguu, mzigo wote waweza kumwangukia mwenye chombo.

Lakini nisiwatishe kwa fedha tu. Ukimtuma mtoto wa mwenzako barabarani bila mafunzo, huku ukingoja hesabu ya jioni, umeuweka uhai wake chini ya mapato yako. Hesabu ikiwa kubwa mno, humsukuma kukimbia, kubeba watu wawili watatu, na kufanya kazi usiku bila kulala. Dhambi hiyo ina washirika wawili. Haki yataka mkataba uandikwe, uwe na mashahidi, na hesabu iache nafasi ya chakula, mapumziko na leseni.

VI. TUFANYE NINI

Yule Msamaria mwema hakuishia kumhurumia mtu wa njiani, alilipa gharama. Napendekeza mambo manne.

1. Kila jumuiya imtambue kijana mgeni aliyehamia kwake, imtembelee, imwulize habari za leseni bila kumwaibisha.

2. Parokia ianzishe mfuko mdogo wa mkopo wa mafunzo na leseni, kijana arejeshe kidogo kidogo.

3. Viongozi wa vigango vya Handeni wawaandae vijana kabla hawajahama, na wawaandikie barua ya kuwatambulisha kwa parokia waendako.

4. Sisi abiria tukatae mishikaki, tudai kofia, na tusimwambie dereva "kimbia, nimechelewa." Haraka haraka haina baraka.

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini mwenyeji naye ana wajibu wa kumwonyesha mgeni njia iliyo salama. Mungu awabariki.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Katika jumuiya yetu ni vijana wangapi wanaoendesha pikipiki, na wangapi wana leseni?

2. Je, yupo kati yetu mwenye chombo ambaye mkataba wake haujaandikwa?

3. Ni jambo gani moja tutakalolitekeleza kabla ya mwezi huu kwisha, na nani atalisimamia?