Mwiba Mguuni na Walinzi wa Mwili

Wasikilizaji wetu, hakuna mlimaji asiyepata kuchomwa na mwiba. Jioni mguu hauna neno. Kukicha pamevimba, pana moto, tena pauma. Wengi husema ni sumu ya mwiba. Sisi twasema, kwa sehemu kubwa, ile ni kazi ya mwili wenyewe.

Mwiba huingia pamoja na vijidudu visivyoonekana kwa macho. Mara nyama iliyojeruhiwa hutoa ishara, mishipa midogo ya damu ikatanuka, maji ya damu yakavuja nje; ndiyo asili ya uvimbe na joto. Kisha chembe nyeupe za damu hupenya kuta za mishipa, zikafuata ishara ile mpaka kwa adui, zikammeza mzima mzima na kumyeyusha. Katika milimita moja ya ujazo wa damu ya mtu mzima mwenye afya, chembe hizo ni kiasi cha 4,000 hata 11,000. Nyingi hufa vitani, na maiti zao ndizo sehemu kubwa ya usaha tunaouchukia.

Aliyeifumbua habari hii ni Ilya Mechnikov, mtaalamu wa Urusi, huko Messina katika kisiwa cha Sicily, mwaka 1882. Alitwaa watoto wa kiti cha pweza, wangavu kama kioo, akawachoma kwa miiba ya mwaridi. Kulipokucha akaona chembe ndogo zimeizunguka miiba. Kiumbe yule hana hata damu kama yetu, bali walinzi anao! Wataalamu wengi walimpinga. Lakini mwaka 1908 alipewa tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich.

Walinzi hawa mtoto huzaliwa nao, wala hawangoji kufundishwa. Ila nguvu zao zina mpaka. Akamuaye jipu changa huwasukumia vijidudu ndani zaidi. Apakaye samadi au udongo jerahani huenda akapanda kijidudu cha pepopunda, ambacho hustawi ndani ya kidonda kisichoingia hewa, kikatoa sumu iendayo mpaka mishipa ya fahamu. Sumu hiyo chembe nyeupe haziiwezi, na kinga yake ni sindano za chanjo. Jeraha na lioshwe kwa maji safi na sabuni. Mkiona mstari mwekundu wapanda mguuni, au mtoki umetokea pamoja na homa ya kutetemeka, jueni adui amekwisha pita mlangoni. Mpelekeni mgonjwa hospitali siku ile ile.