Hesabu za Shule Zibandikwe Ukutani

Ndugu wazazi wa Nyeri, Karatina na Othaya,

Babu zetu walichanga, wakajenga shule za kujitegemea. Serikali ya kikoloni ikazifunga nyingi mwaka 1952. Mwaka 2003 karo ya msingi ilifutwa, kila mtoto akatengewa shilingi 1,020 kwa mwaka. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, ikaifanya elimu ya msingi ya bure kuwa haki yake.

Lakini haki isiyolindwa huliwa njiani. Tangu 2018 mwanafunzi wa sekondari ya kutwa alitengewa shilingi 22,244. Twauliza: zilifika ngapi, na lini? Mtoto arudishwaye nyumbani kwa deni atafaulu mtihani gani? Twadai hesabu zibandikwe katika kila shule, kila muhula, nasi twende tukazisome.